Tusimzike Mama Pamoja na Hadithi Yake

SOMO LA KIKUNDI

Lengo la somo: Baada ya somo hili wanakikundi waweze kueleza kwa nini maisha ya mama mzee ni mali ya familia na ya kijiji, na waweze kuandika historia ya mama mmoja akiwa bado hai.

Muda: Mikutano miwili, kila mmoja saa moja na nusu.

Vifaa: Daftari moja nene, kalamu, na mama mzee aliye tayari kuzungumza.



Katika vijiji vyetu vya kando ya ziwa, kuanzia Kisumu na Seme hadi Asembo, Bondo na Usenge, ni nadra wiki kupita bila matanga. Kikundi kinachanga, hema linakodishwa, vyombo vya sauti vinaletwa, ng'ombe anachinjwa. Siku ya mazishi ikifika, historia ya marehemu inasomwa. Ikiwa marehemu ni mama mzee, mara nyingi historia yenyewe ni fupi sana: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa na fulani, akazaa watoto wanane, ameacha wajukuu wengi, ameugua kwa muda mfupi. Dakika tatu imekwisha. Halafu wageni wa heshima wanashika kipaza sauti kwa masaa mawili.

Hebu tujiulize. Huyu mama aliamka saa kumi usiku miaka arobaini. Alisomesha watoto kwa omena na kwa vyungu. Alifiwa na mume akiwa kijana, akakataa kufukuzwa katika boma. Alifundisha katekisimu chini ya mwembe kabla kanisa halijajengwa. Wajukuu aliowalea baada ya wazazi wao kufariki wako pale mbele wanalia. Yote hayo yako wapi katika ile karatasi? Hayapo, kwa sababu karatasi iliandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana ambaye hakuwahi kumuuliza nyanya yake swali hata moja.

Ndiyo maana ya somo hili.

SEHEMU YA KWANZA: TUTAZAME

Mama mmoja aliyekumbukwa

Wengi wetu tuliosomesha watoto sekondari tumekiona kitabu kinachoitwa The River and the Source, maana yake Mto na Chemchemi. Kilichapishwa Nairobi mwaka 1994, na wanafunzi wengi wa Kenya wamekisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Mwaka 1995 kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na pia tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu bora cha kwanza kwa upande wa Afrika.

Mwandishi wake ni binti wa huku kwetu. Margaret Atieno Ogola alizaliwa Asembo tarehe 12 Juni 1958. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi akamaliza mwaka 1984, akaendelea na kusomea matibabu ya watoto hadi mwaka 1990. Alikuwa Mkatoliki mwenye imani ya dhati, mke na mama wa watoto. Wakati ambapo watu wengi waliogopa hata kumgusa mtoto mwenye virusi vya UKIMWI, yeye alikuwa daktari msimamizi katika kituo cha Cottolengo huko Nairobi, kinachotunza mayatima wenye virusi hivyo. Alifanya kazi pia katika ofisi ya Maaskofu Wakatoliki wa Kenya inayohusika na afya na maisha ya familia. Alifariki kwa ugonjwa wa saratani tarehe 21 Septemba 2011, akiwa na miaka 53.

Sasa, daktari mwenye kazi nyingi namna hii na watoto nyumbani, alipata wapi hadithi ya kuandika? Mwenyewe alieleza kwamba msukumo ulitoka kwa mama yake. Mama yake ndiye aliyempasia maisha na hekima ya nyanya yake, na ya mama wa nyanya yake. Yaani maneno yalipita mdomo kwa mdomo, mama kwa binti, mpaka yakamfikia mmoja aliyeshika kalamu.

Hadithi ya Akoko

Kitabu ni riwaya, kwa hiyo majina na matukio yamepangwa na mwandishi. Lakini mama aliye katikati yake tunamtambua sote. Anaitwa Akoko. Amezaliwa Yimbo, binti wa chifu, kabla utawala wa wazungu haujafika. Anaolewa Sakwa kwa chifu kijana, Owuor Kembo. Akoko ni mchapa kazi: shamba lake linazaa, mifugo yake inaongezeka. Lakini Mungu anampa watoto watatu tu, na watu wanasema. Mumewe anakataa kuoa mke wa pili.

Kisha mambo yanageuka. Mwana wake wa kwanza anakwenda na jeshi la wazungu katika Vita Vikuu vya Kwanza, harudi. Mumewe anafariki. Mwana wa pili anafariki pia, anaacha mtoto mchanga. Ndipo shemeji ananyakua kiti cha uchifu na kuanza kula mali ya mjane na yatima. Akoko hakubaki kulia tu. Anachukua mifugo yake, anarudi kwa ndugu yake Yimbo, na kutoka huko anasafiri mpaka Kisumu kumshtakia Bwana DC mzungu. Nyakati hizo hakuna matatu wala barabara ya lami. Mjane asiyejua kusoma anasimama mbele ya serikali ya kigeni kudai haki ya mjukuu wake, na anasikilizwa.

Baadaye binti yake Nyabera naye anakuwa mjane, baada ya kuzika watoto. Katika uchungu huo anasikia habari za Mungu wa Wakristo, anakwenda misheni ya Aluor kutafuta faraja. Akoko anamfuata akiwa na mjukuu. Wanabatizwa: Akoko anakuwa Veronica, Nyabera anakuwa Maria. Hapo Aluor, nyanya huyu ambaye hakuingia darasani hata siku moja anahakikisha wajukuu wanasoma. Awiti, ambaye kwa ubatizo ni Elizabeth, anakuwa mwalimu. Owuor, yule mtoto mchanga aliyenyang'anywa haki yake, anakuwa padri.

Siwindhe: shule ya nyanya

Kupasiana hadithi namna hii hakukuanza na kitabu. Zamani katika boma la Wajaluo, jioni wasichana walikwenda kulala katika nyumba ya mama mzee iliyoitwa siwindhe. Humo kwenye giza, moto ukiwa umefifia, yule mama aliwafundisha hadithi, vitendawili, ukoo, adabu, na mambo ya ndoa. Hakulipwa mshahara. Lakini binti alipotoka pale kwenda kuolewa, alikuwa amebeba kijiji kizima kichwani.

Siku hizi siwindhe hakuna. Watoto jioni wana kazi ya shule, wana televisheni, wana simu. Nyanya yupo, lakini haulizwi. Wengine husema ati anarudiarudia maneno. Kwani mwalimu wa shule harudii?

SEHEMU YA PILI: TUTAFAKARI

Kutokana na tuliyoyatazama, kuna mambo matatu ya kushika.

1. Kumkumbuka mama ni kusema ukweli wote

Katika mazishi yetu kila marehemu ni malaika. Hatusemi kwamba alinyang'anywa shamba, kwa sababu aliyemnyang'anya amekaa kwenye viti vya mbele. Hatusemi kwamba alizika watoto watano. Lakini Akoko anatugusa kwa sababu gani? Ni kwa sababu tumeambiwa alichopitia. Kama mwandishi angesema tu "alikuwa mama mcha Mungu na mkarimu", tungekwisha kumsahau. Imani ya mama inaonekana vizuri pale tunapojua ilipimwa na nini.

Hii haina maana tutumie mazishi kufufua ugomvi. Yako mambo ya kusomwa mbele ya watu wote, na yako ya kubaki ndani ya daftari la familia. Mama mwenyewe ndiye aamue lipi ni lipi, na ndiyo sababu aulizwe angali hai.

2. Imani hupita kwa nyanya

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo barua ya pili, mwanzoni kabisa alimkumbusha imani yake ilianzia kwa nani. Hakutaja mwalimu mkubwa wala mtu wa cheo. Alitaja nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Someni pamoja sura ya kwanza, mstari wa tano. Hatujui Loisi alizikwa wapi wala mazishi yake yaligharimu nini, lakini jina lake linasomwa kanisani mpaka leo kwa sababu mjukuu alifunzwa vizuri na mtu mmoja akaliandika.

Huku kwetu kazi ya kina Loisi tumeiona kwa macho. UKIMWI ulipoingia vijiji vya ziwa ukachukua wazazi wenye nguvu, watoto walibaki na nani? Walibaki na nyanya. Mama wa miaka sabini alianza upya kutafuta sare ya shule, kupika uji, kuamsha watoto kwa sala. Vijana wengi walio wazima na wenye kazi leo walilelewa na mama hao. Wengi wa mama hao wamekwisha kuzikwa, na historia zao hazikuandikwa.

3. Ukumbusho haupimwi kwa ukubwa wa mazishi

Mtakatifu Monika alikuwa mama Mwafrika, wa kaskazini mwa bara letu, mahali ambapo leo ni Algeria. Alimwombea mwanawe Augustino miaka mingi mpaka akabatizwa mwaka 387. Mwaka huo huo, wakiwa safarini kurudi nyumbani, Monika aliugua katika mji wa bandari wa Ostia, karibu na Roma. Hapo awali alitamani sana kuzikwa nyumbani kando ya mumewe. Lakini alipoona saa imefika, aliwaambia wanawe wasisumbuke juu ya mahali pa mwili wake. Ombi lake lilikuwa moja tu, wamkumbuke altareni. Augustino akaliandika hilo, ndiyo maana tunalijua leo.

Sisi tunajua nyumbani ni nyumbani, na kumzika mama katika boma lake ni heshima. Hakuna anayesema tuache. Lakini tuulizane kwa upole: ikiwa familia imeuza ng'ombe wa mwisho na kukopa ili mazishi yaonekane, na Januari mjukuu aliyelelewa na marehemu anakosa karo, tumemkumbuka mama au tumejikumbuka sisi? Angeulizwa mwenyewe, angechagua nini kati ya hema la pili na karo ya huyo mtoto?

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

Hatua ya 1. Chagueni mama wa kwanza

Kikundi kichague mama mzee mmoja, mwanachama au jirani. Aombwe kwa heshima, na familia yake ijulishwe. Asilazimishwe. Akikubali, wachaguliwe wawili wa kumtembelea: mmoja anauliza, mwingine anaandika. Inafaa mmoja wao awe mjukuu wake.

Hatua ya 2. Tafuteni miaka

Mama wengi wazee hawajui tarehe ya kuzaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho pengine ulikadiriwa. Msibishane naye. Tumieni matukio:
- Vita Vikuu vya Pili viliisha 1945.
- Mafuriko makubwa na kupanda kwa ziwa kulianza 1961.
- Uhuru ulipatikana Desemba 1963.
- Tom Mboya aliuawa Julai 1969.
- Ukame mkubwa ulikuwa 1984.
- Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi Agosti 1985.
- Gugu maji lilifunika ziwa miaka ya 1990.
- Ziwa lilipanda tena na kuingia mashambani na nyumbani 2020.

Mwulize: "Mama, wakati wa mafuriko ya 1961 ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni?" Utashangaa jinsi mambo yatakavyofunguka.

Hatua ya 3. Ulizeni maswali yenye nyama

Ukimwuliza "Maisha yako yalikuwaje?" atasema "Yalikuwa mazuri, Mungu ni mwema", na hapo mazungumzo yamekwisha. Mwulize hivi:
- Nani alikufundisha kusali? Mlisali saa ngapi na kwa lugha gani?
- Pesa yako ya kwanza uliipata kwa kazi gani, na ulinunulia nini?
- Siku gani ulitaka kuondoka katika boma hili, na kwa nini ulibaki?
- Ni mtoto yupi ulimzika, na jina lake nani? Watoto waliofariki wadogo nao waandikwe, maana mama hajawasahau.
- Miti hii na mpaka huu wa shamba, nani alipanda?
- Ungependa wajukuu waache mila gani, na washike ipi?
- Ukiondoka, ni kazi gani unaona haijaisha?

Mfanye kwa zamu fupi za nusu saa. Akichoka, acheni. Akilia, nyamazeni pamoja naye, msiandike.

Hatua ya 4. Andikeni, kisha msomeeni

Andikeni kwa lugha anayosema yeye, Kijaluo au Kiswahili, bila kurembesha. Tazameni tofauti. Karatasi ya kawaida husema: "Mama alikuwa mkulima na mfanyabiashara mdogo." Daftari litasema: "Mama alinunua omena ufuoni alfajiri, akaibeba kichwani mpaka sokoni, na faida ya siku ya kwanza ya wiki ilikuwa ya karo, haikuguswa hata kwa chumvi." Ipi itakumbukwa na mjukuu?

Mkimaliza, mrudi mkamsomee mwenyewe. Arekebishe, afute asichotaka. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine kwa mwandishi wa kikundi. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, kurasa za waliotangulia zinaweza kusomwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Hatua ya 5. Angalieni haki ya mjane

Huwezi kusifu hadithi ya Akoko huku mjane wa jirani anafukuzwa. Siku hizi sheria iko. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na inamtambua mjane pamoja na watoto, wa kike kwa wa kiume. Katiba ya 2010, Kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Mjane aanze kwa kupata cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja wote wanaostahili kurithi. Kisha aombe mahakamani usimamizi wa mali ya marehemu. Asikubali kuweka kidole kwenye karatasi ambayo hajasomewa.

Daftari peke yake si hati ya shamba. Lakini likiwa na mwaka wa ndoa, majina ya watoto wote na majina ya waliokuwa mashahidi, linasaidia sana siku maneno yakianza. Kikundi kichague wawili wa kumsindikiza mjane kwa chifu na mahakamani, maana Akoko naye hakwenda Kisumu peke yake.

Hatua ya 6. Malizeni kazi yake

Swali la mwisho katika Hatua ya 3 ndilo lenye uzito. Mama akisema kazi ambayo haijaisha ni mjukuu aliye kidato cha pili, basi hapo ndipo ukumbusho wake ulipo. Vikundi vingi vina mfuko wa matanga. Kaeni mzungumze kama sehemu ya mchango huo inaweza kuwekwa kando kwa mtoto aliyeachwa. Katibu aandike makubaliano, mweka hazina aweke hesabu, yasije yakaisha kama maneno ya kaburini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mazishi ya mwisho tuliyohudhuria ya mama mzee, tulijifunza nini kumhusu ambacho hatukukijua?
2. Ni nani kwetu hapa anayeweza kutaja majina ya mama wa nyanya yake? Ajaribu.
3. Akoko alipofika Kisumu alisikilizwa na mgeni, baada ya kukosa haki kwa shemeji yake. Mjane wa kijiji chetu angesikilizwa wapi kwanza? Kwa nini?
4. Mila gani zinazomhusu mama tunataka kuzihifadhi, na zipi zimeumiza wajane?
5. Gharama gani ya mazishi tunaweza kupunguza bila kumvunjia marehemu heshima?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama alete ukurasa mmoja kuhusu mama au nyanya yake. Asiyejua kuandika amtumie mtoto wa shule. Huyo mtoto naye atakuwa amefundishwa. Mwenye mama aliye hai aende akamuulize maswali matatu tu kati ya yale saba. Asingoje likizo ya Desemba. Mama wazee hawangoji likizo.